Kidonge na Kikombe cha Chai ya Maziwa

Watu wengi humeza dawa kwa kinywaji chochote kilicho karibu, na asubuhi kinywaji hicho aghalabu ni chai ya maziwa. Mama mja mzito aliyepewa vidonge vya madini ya chuma huenda akavimeza kwa chai kila siku bila kukosa, na hata hivyo damu yake ikabaki pungufu. Dawa ni nzuri na kipimo ni sahihi. Kizuizi kimo kikombeni.

Kikombe hicho kina vitu vinne vya kuangaliwa: tanini na kafeini zitokazo katika majani ya chai, pamoja na kalisi na mafuta yatokayo katika maziwa. Kila kimoja hukutana na dawa kwa njia yake.

Tanini na chuma

Tanini ndiyo inayoipa chai ukakasi. Tumboni na katika utumbo hushikamana na chuma, nacho chuma kilichoshikwa hivyo hakifyonzwi kwa urahisi, bali hutoka pamoja na kinyesi. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kikombe kimoja cha chai kilichonywewa pamoja na mlo kilipunguza ufyonzaji wa chuma kwa asilimia 64, na kikombe cha kahawa kwa asilimia 39. Kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya mlo haikuwa na athari, lakini iliyonywewa saa moja baada ya mlo ilizuia sawasawa na ile iliyonywewa pamoja nao. Vitamini C iliyomo katika chungwa au ndimu hufanya kinyume: husaidia chuma kufyonzwa.

Jaribio la darasani

Mwanafunzi aloweke misumari michache yenye kutu katika siki kwa siku mbili, kisha adondoshe maji yake katika chai kali ya rangi. Chai itageuka kuwa nyeusi. Weusi huo ni chuma kilichonaswa na tanini, na kwa karne nyingi wino wa kuandikia ulitengenezwa kwa kanuni hiyo hiyo. Chai hiyo isinywewe.

Maziwa: adui na rafiki

Kalisi ya maziwa hushikamana na dawa za kuua bakteria kama vile tetrasaiklini na siprofloksasini. Dawa iliyonaswa haifiki katika damu kwa kiasi cha kutosha. Bakteria husalia hai, na huweza kujenga usugu. Dawa hizo zimezwe kwa maji, na maziwa yangoje saa mbili au zaidi.

Lakini maziwa hayo hayo humfaa mgonjwa wa malaria anayetumia dawa mseto ya atemetha na lumefantrini. Lumefantrini haiyeyuki vizuri katika maji, bali katika mafuta. Ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta mengi, kiasi kinachofyonzwa huweza kufikia mara 16 ya kile kinachofyonzwa tumbo likiwa tupu. Hivyo mgonjwa anayeimeza bila kula huenda asipone kabisa, ingawa amemaliza vidonge vyote.

Kafeini na ini

Kafeini huvunjwavunjwa na kimeng'enya kimoja cha ini. Kwa kawaida, katika mtu mzima mwenye afya, nusu yake huondolewa kwa muda wa saa 5 hivi. Siprofloksasini huzuia kimeng'enya hicho. Kafeini hukawia mwilini, na mnywaji huona moyo ukienda mbio, mikono ikitetemeka na usingizi ukitoweka. Huenda akadhani ugonjwa umezidi, kumbe ni kahawa yake.

Hitimisho

Hakuna kinywaji kilicho kibaya au kizuri kwa dawa zote. Maji safi hufaa kwa dawa nyingi, lakini baadhi huhitaji chakula pia. Yafaa basi kila apokeaye dawa aulize maswali mawili: imezwe kabla au baada ya kula, na ni kinywaji gani kiepukwe?

Maswali

1. Kwa nini mja mzito anashauriwa kutenganisha chai na vidonge vya chuma?
2. Eleza jinsi maziwa yanavyoweza kudhoofisha dawa moja na kuisaidia nyingine.
3. Taja tofauti kati ya kizuizi kinachotokea katika utumbo na kile kinachotokea katika ini.