Pombe: Kinachotangulia Glasi ya Kwanza
Maswali na majibu kwa wakazi wa Karatu na Ngorongoro

Kila Jumatatu naapa nimeacha. Mbona Ijumaa nipo grosari?

Kiapo kinaikabili chupa, ilhali mambo yalianza saa nyingi kabla ya chupa. Mtazame dereva wa watalii: wageni kawashusha Arusha, tipu ipo mfukoni, mgongo unauma, nyumbani hajalala wiki nzima, na wenzake wanapiga simu wakiwa wameshakaa. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola ana yake: fuso limepakia, dalali kalipa taslimu. Aprili na Mei, masika yakiwapunguza wageni, dereva yuleyule anakunywa kwa mkopo kwa sababu hana kazi. Kichocheo kimebadilika, njia ya kwenda grosari ni ileile.

Vyangu nitavijuaje?

Chukua daftari. Kwa wiki mbili usiahidi lolote. Kila hamu ikija, hata kama hukunywa, andika saa, mahali, uliyekuwa naye, moyo ulivyokuwa na kilichofuata. Mfano:

*Alhamisi, saa 12 jioni, stendi. Sijala tangu asubuhi. Bosi kanifokea kwenye simu. Bia tano. Nimelala bila kusemeshana na mke wangu.*

Kisha soma yote kwa mkupuo. Neno "sijala" likijirudia, dawa ya kwanza ni sahani ya chakula saa 11. Ikijirudia siku ya malipo, fedha ziende VICOBA au kwa mwenzi wako kabla hujapita kijiweni. Marafiki wabaya wanasingiziwa mno, kwa maoni yangu. Wapo ambao daftari litawaonyesha kwamba hunywa zaidi wakiwa peke yao.

Lakini huku juu ni baridi!

Kweli, ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Ila pombe hupanua mishipa iliyo karibu na ngozi: unahisi joto huku mwili ukilipoteza. Mlinzi wa usiku atafaidika zaidi na koti na chupa ya chai. Akiwa navyo na hamu bado ipo, achunguze upweke wa lindo.

Si serikali ipige marufuku tu?

Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, na gongo ni haramu tangu zamani. Walevi bado wapo.

Nikikaa siku moja bila pombe mikono inatetemeka.

Basi usiache ghafla peke yako. Kutetemeka, jasho jingi, kuona visivyokuwepo au degedege ni dalili za mwili uliozoea pombe, na zinaweza kuua. Nenda Hospitali ya Lutheran Karatu au FAME. Upande wa hifadhini ipo Endulen. Beba daftari, na utaje kiasi halisi unachokunywa. Aibu ikikufanya utaje nusu yake, mhudumu atadhani hatari ni ndogo kuliko ilivyo na huenda akakuruhusu urudi nyumbani siku ambayo ulipaswa kulazwa.