Nimtetee Nyota Wangu?

SWALI: Nampenda sana mwigizaji mmoja wa Korea Kusini. Sasa anatuhumiwa kuwaonea wenzake enzi za shule. Nimtetee?

JIBU: Kumpenda si kosa, lakini hukuwapo darasani, usimwapie. Tuhuma si hukumu, na umaarufu si ushahidi. Februari 2021, mapacha wachezaji voliboli wa hukohuko Korea Kusini, Lee Jae-yeong na Lee Da-yeong, walikiri kuwaonea wenzao shuleni. Klabu yao iliwasimamisha, timu ya taifa ikawaondoa. Je, kama ungekuwa umeshawaita walalamikaji waongo? Subiri ukweli, usimtukane anayelalamika. Ikithibitika, mtake nyota wako akiri na awaombe radhi aliowaumiza, kabla ya mashabiki. Aliyepiga husahau, aliyepigwa hubaki na kovu.