Kununua sarafu za kale kwenye minada ya mtandaoni: mwongozo kwa wasomaji wa Mgeta

Mwaka 1898 serikali ya Mjerumani ilianza kutoza kodi ya kibanda, na vijijini kila nyumba ilidaiwa rupia 3. Mwanzoni wengi walilipa kwa mazao au kwa nguvu zao, lakini kadiri miaka ilivyokwenda serikali ilitaka fedha taslimu. Hivyo ndivyo rupia ilivyopanda milima ya Uluguru. Leo sarafu zile zile zinanadiwa kwenye intaneti, na kijana wa Nyandira aliyeuza karoti zake vizuri anaweza kushindania rupia moja na mkusanyaji aliyekaa Hamburg. Ni jambo zuri. Nyingi ya sarafu hizi ziliondoka nchini, na kila moja inayorudi kwenye mikono ya mtu anayeijua historia yake ni faida kwetu. Ila wanaoingia mnadani bila maandalizi hupoteza fedha nyingi, na mara nyingi hawajui hata walipozipotezea.

Mnada tunaoujua zaidi huku ni ule wa kanisani wakati wa mavuno. Kabichi moja hunadiwa mpaka ikafika bei ya gunia, na aliyeinunua hupigiwa makofi, kwa sababu amemtolea Mungu. Mnada wa sarafu hauendi hivyo. Anayeshinda ni yule aliyekubali kulipa kuliko watu wote waliokuwapo, na huenda wengine walinyamaza kwa sababu waliona kasoro ambayo yeye hakuiona. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya mnada kufunguliwa.

Anza na sarafu moja, uijue barabara. Rupia ya fedha ya Afrika Mashariki ya Kijerumani inafaa sana kwa kuanzia. Ina uzito wa gramu 11.66 na upana wa milimita 30 hivi. Upande mmoja ina sura ya Kaisari Wilhelm II, amevaa kofia ya vita yenye ndege juu yake. Zilizotengenezwa kati ya 1890 na 1902 zina nembo ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, simba na mnazi. Za kuanzia 1904 hadi 1914 zina maandishi ya thamani yaliyozungukwa na majani. Chini ya mwaka katika hizi za pili utaona herufi ndogo, A kwa zilizogongwa Berlin na J kwa za Hamburg. Ukijua haya machache tayari unaweza kukataa sarafu nyingi za bandia. Rupia ya fedha yenye mwaka 1903, 1915 au 1916, kwa mfano, haikutengenezwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza koloni lilizingirwa na meli za Waingereza, na sarafu kutoka Ulaya hazikufika tena.

Hapo ndipo penye hadithi ya Tabora, na ndipo penye hatari kubwa kwa mnunuzi. Mwaka 1916 Wajerumani waligonga sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli ya Tabora: za heller 5 na 20 kwa shaba nyekundu na shaba ya njano iliyopatikana wakati huo wa dhiki, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ya dhahabu ina tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, na herufi T. Zilitengenezwa kama 16,000 tu, kisha mwezi Septemba Wabelgiji wakauteka mji. Uzuri wake na uchache wake vimeifanya itafutwe duniani kote, na kwa sababu hiyo imeigwa sana. Usiinunue kwa picha. Kama fedha zipo, chagua iliyokwisha kukaguliwa na kufungwa kwenye kasha la plastiki na NGC au PCGS, kampuni mbili za Marekani zinazopima uhalisi na ubora wa sarafu kwa alama 1 hadi 70. Hata hapo, chukua namba iliyo kwenye kasha, iingize kwenye tovuti ya kampuni husika, na ulinganishe mikwaruzo ya sarafu kwenye picha zao na ile inayouzwa. Makasha nayo huigwa.

Kuhusu shilingi za Afrika Mashariki zenye simba, zilizoanza 1921, na zile senti zenye tundu, ni za kupendeza na za bei nafuu, nzuri kwa mtoto anayeanza kukusanya. Sarafu za mwaka 1966 zenye sura ya Mwalimu Nyerere zimezagaa. Yeyote anayekwambia shilingi moja ya Nyerere ina thamani ya mamilioni anakudanganya. Zenye thamani ya kweli katika zama za Tanzania ni zile za hifadhi ya wanyama za 1974: twiga kwa shilingi 25, kifaru kwa shilingi 50, na duma wa dhahabu kwa shilingi 1,500.

Sasa bei. Usitazame bei ambazo wauzaji wameziandika, kwa maana mtu anaweza kuandika chochote. Kwenye eBay kuna sehemu ya kuchuja vitu vilivyokwisha kuuzwa. Soma hivyo, angalau vya miezi michache, vya sarafu ya mwaka ule ule, herufi ile ile na hali ile ile. Kwa rupia una kipimo kingine cha chini: asilimia 91.7 ya uzito wake ni fedha halisi, yaani karibu gramu 10.7. Zidisha kwa bei ya gramu ya fedha siku hiyo. Rupia ya kawaida iliyochakaa haipaswi kupanda mbali sana juu ya hapo.

Halafu kuna gharama zinazofuata nyundo ya mnada ikishagongwa, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Tuseme umeshinda kwa dola 60. Nyumba nyingi za mnada hudai kamisheni ya mnunuzi. Tuchukue asilimia 20, ikawa dola 72. Posta yenye bima dola 25, ikawa 97. Benki au kampuni ya simu ikate asilimia 3 ya kubadili fedha, ikawa 100. Mzigo ukifika na kutozwa VAT ya asilimia 18 juu ya bei na usafirishaji, unakaribia dola 117, na bado hujapanda gari kwenda Morogoro mjini kuuchukua. Dau la 60 limekaribia kuwa mara mbili. Kwa hiyo anza kutoka mwisho: ukiwa na 100 kwa jumla, rudi nyuma ukitoa kila gharama hadi upate dau lako la juu, kisha liandike kwenye karatasi. Masharti ya kamisheni husomwa kabla ya kujisajili, na kuhusu kodi waulize TRA mapema, kwa maelezo kamili ya kitu unachoagiza.

Minada mingi ya mtandaoni hukuruhusu kuweka dau lako la mwisho kwa siri, na mfumo ukakupandishia kidogo kidogo pale tu mwingine anapokuzidi. Kwa Mgeta njia hii ni bora kuliko kukesha na simu mkononi. Ukungu ukishuka na mtandao ukayumba dakika ya mwisho, dau lako bado lipo. Liweke siku ya mwisho, si wiki nzima kabla, maana dau la mapema huwavuta wengine. Ukizidiwa, acha. Rupia nyingine itakuja. Hizi si sarafu za pekee.

Angalia saa pia. Mnada wa Ujerumani ulioandikwa 10:00 wakati wa baridi kwao unaanza saa sita mchana kwetu. Wakati wa kiangazi chao, saa tano. London iko nyuma yetu kwa saa tatu au mbili. Watu hukosa sarafu kwa sababu hii tu.

Kabla ya kuweka dau, mwandikie muuzaji. Omba picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani, picha ya ukingo, na ya pande zote mbili kwenye mwanga wa jua. Ukingo wenye mstari wa kuunganishwa, herufi zilizolegea, au vitundu vidogo kama vya povu ni dalili za sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu. Sarafu inayong'aa kuliko umri wake huenda imesuguliwa, na iliyosuguliwa hushuka thamani sana. Hili liwafikie na wazee wenye rupia kwenye masanduku: msizisugue kwa jivu wala ndimu. Muuzaji anayekataa kupiga picha ya ziada muache.

Kuna utapeli wa nyumbani usiohitaji intaneti hata kidogo. Mtu anafika kijijini akitafuta rupia za mwaka fulani, anadai ana tajiri atakayelipa mamilioni, anaacha namba ya simu. Baada ya siku chache anatokea mwingine akiuza rupia hizo hizo kwa laki kadhaa. Ukinunua, yule wa kwanza hapokei simu tena. Madai kwamba rupia ina nguvu za ajabu au zebaki ndani yake ni ya kundi hilo hilo.

Sheria nayo ina lake. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Rupia haimo, lakini sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa zimo. Ukiziona zinanadiwa ng'ambo bila karatasi za asili yake, usizinunue. Na mwenye kukutana na kitu cha namna hiyo akichimba shambani aripoti kwa mamlaka.

Lipa kwa kadi, ikiwemo kadi ya mtandaoni inayotolewa na M-Pesa, na uweke humo kiasi cha ununuzi huo tu. Usimtumie muuzaji fedha nje ya mfumo wa mnada hata akikuahidi punguzo, kwani ukitoka hapo hakuna wa kukutetea. Agiza kwa njia ya kusajiliwa yenye bima: kanuni za Umoja wa Posta Duniani haziruhusu sarafu kwenye barua ya kawaida, na ikipotea humo huna dai.

Bahasha ikifika, iwashie kamera ya simu kabla hujaifungua, ifungue yote ikirekodiwa, kisha ipime sarafu siku ile ile. Sonara wa mjini ana mizani ya kutosha. Rupia yenye gramu 10 au 12 na nusu irudishwe mara moja, kwa sababu muda wa kurejesha huhesabiwa kwa siku, na nyingine zimeshapita njiani kati ya Dar es Salaam na Mgeta. Iliyo sawa ihifadhi kwenye kikasha kigumu cha sarafu, si mfuko wa plastiki laini unaoacha utando wa kijani, na kwa unyevu wa huku juu weka ndani yake kile kipakiti cha kunyonya maji kinachokuja na viatu vipya.