Kanuni Mpya, Mhusika wa Zamani

Septemba 2024, kampuni ya Wizards of the Coast ya Marekani ilitoa upya kitabu cha mchezaji cha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, kuchukua nafasi ya kile cha 2014. Waliokuza wahusika wao kwa miaka wamebaki na maswali.

Swali: Je, mhusika wa 2014 amekufa?

Hapana. Kete ya pande 20 bado ndiyo inayoamua, na mhusika wa zamani anaweza kuketi meza moja na mpya.

Swali: Nani kaguswa zaidi?

Paladini, shujaa wa kiapo. Zamani, kila upanga wake ulipompata adui aliweza kuongeza pigo takatifu. Kuanzia ngazi ya 5, mwenye mashambulizi mawili kwa zamu aliweza kuliongeza kwenye yote mawili. Sasa pigo hilo ni uchawi unaotumia tendo la ziada, nalo ni moja tu kwa zamu. Mchawi wa upande wa pili anaweza hata kulizima. Fidia ipo: kila baada ya mapumziko marefu, paladini hulipiga mara moja bila kugusa akiba yake ya uchawi.

Swali: Na wabeba silaha nzito?

Kipaji chao cha 2014 kiliwaruhusu kujipunguzia 5 kwenye kete ya shambulizi, ili likipata waongeze madhara 10. Kamari hiyo imefutwa. Mpiganaji wa ngazi ya 5 mwenye kipaji hicho sasa huongeza 3 kwa kila pigo linalopata, bila kujipunguzia chochote. Nguvu imeshuka, lakini zamu za kukosa tupu nazo zimepungua.

Swali: Mchezaji aokote ya zamani na mapya yanayomfaa?

La. Mwaka 2014 nyongeza za uwezo zilitokana na jamii ya mhusika. Sasa zinatokana na maisha yake ya awali. Mwokotaji angejiongezea mara mbili, ndiyo maana kitabu kipya kinaagiza nyongeza za jamii za zamani ziachwe.

Swali: Lini abadilishe?

Kisa kimoja kinapokwisha, kabla kingine hakijaanza, tena kwa makubaliano. Agosti 2024 tovuti ya D&D Beyond ilitangaza kuwa uchawi wa zamani ungebadilishwa kwenye karatasi za wachezaji; walilalamika, na baada ya siku chache mpango ukaondolewa. Msimamizi wa mchezo naye asimbadilishie mtu mhusika kabla ya kumuuliza.