SOMO LA WIKI: Sensa ni daftari la wateja lisilo na majina

MFANYABIASHARA wa saruji na vifaa vya ujenzi anayetaka kufungua tawi Kibaha huanza na swali moja: wateja wako wangapi? Swali hilo ni jepesi kutamka na gumu kujibu, na wengi hulijibu kwa macho. Hupita barabarani, huhesabu nyumba zinazojengwa, huuliza bei kwenye maduka mawili matatu, kisha huagiza mzigo. Saruji ikikaa ghalani hadi ikagandamana, mtaji umekwisha. Kama mtaji wenyewe ulikuwa wa mkopo, riba haisubiri.

Wachache huenda hatua moja mbele na kufungua ripoti ya sensa. Hao hukuta habari nzuri. Mkoa wa Pwani, ulio na Kibaha, ulikuwa na watu 1,098,668 katika sensa ya 2012. Katika sensa ya 2022 ulikuwa na watu 2,024,947. Ni ongezeko la karibu asilimia 84 katika miaka 10. Katika kipindi hicho hicho Dar es Salaam iliongezeka kutoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728, yaani asilimia 23 tu, wakati nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 37, kutoka watu 44,928,923 hadi 61,741,120. Aliyedhani kwamba soko linakua kwa kasi zaidi katikati ya jiji amekwisha kupata somo la kwanza bila kulipa chochote.

Hata hivyo, tarakimu hizo hazimwambii jambo moja analolihitaji kuliko yote: ni watu gani hao walioongezeka? Mpangaji wa chumba kimoja hanunui saruji. Mwenye nyumba aliyekwisha kumaliza kujenga hanunui saruji nyingi. Anayenunua ni mwenye nyumba yake, ambaye sakafu bado ni ya udongo na ambaye kila mwezi anaingiza fedha. Mtu huyo hayumo katika jedwali lolote la kawaida. Yumo katika rekodi za sensa za mtu mmoja mmoja, ambazo wataalamu huzitumia baada ya kuondolewa majina.

Jedwali linaficha nini

Chukua mfano wa kubuni. Kata moja ina kaya 1,000. Jedwali la kwanza linasema kaya 500 zina sakafu ya udongo. Jedwali la pili linasema wakuu wa kaya 400 wana ajira ya mshahara. Je, kaya zenye sakafu ya udongo na mshahara kwa pamoja ni ngapi?

Kwa majedwali hayo mawili, jibu linaweza kuwa 0 na linaweza kuwa 400. Yote mawili yanawezekana kihesabu. Aliyeagiza mzigo kwa ajili ya kaya 400, kumbe ziko 50, amefilisika huku akiwa na ripoti ya serikali mkononi. Ripoti haikumdanganya. Yeye ndiye aliyeunganisha mambo mawili ambayo jedwali halikuyaunganisha.

Rekodi ya mtu mmoja mmoja huondoa utata huo. Kila mtu ana mstari wake: umri, jinsi, uhusiano na mkuu wa kaya, elimu, kazi na mahali alipozaliwa. Mstari huo umefungwa na wa kaya yake: sakafu, paa, maji, nishati ya taa na ya kupikia, redio, simu, baiskeli. Mtafiti akitaka kujua kaya zenye sakafu ya udongo na mshahara, huhesabu mistari yenye sifa zote mbili. Akitaka kuongeza sifa ya tatu, kwa mfano kwamba mkuu wa kaya alizaliwa mkoa mwingine, huhesabu tena.

Ilivyoanza

Marekani ndiyo iliyotangulia. Baada ya sensa yake ya 1960, idara ya sensa ya nchi hiyo ilitoa kwa watafiti sampuli ya mtu 1 katika kila 1,000, bila majina wala anwani.

Uingereza ilichelewa kwa miongo mitatu kwa sababu ya hofu ya siri za wananchi kuvuja. Wasomi wakiongozwa na Catherine Marsh walijenga hoja kwamba hatari hiyo inaweza kupimwa na kudhibitiwa, na sampuli kutoka sensa ya 1991 zikatolewa kupitia Chuo Kikuu cha Manchester. Zilikuwa mbili: moja ya asilimia 2 ya watu, na nyingine ya asilimia 1 ya kaya.

Sensa hiyo ya 1991 ndiyo ya kwanza Uingereza kuuliza kabila au asili ya mtu. Majedwali yalionyesha kwamba watu weusi na wenye asili ya Pakistan walikuwa na ukosefu mkubwa wa kazi kuliko weupe. Waajiri wangeweza kujitetea kwamba tofauti ilitokana na elimu. Watafiti wakachukua rekodi zisizo na majina, wakalinganisha watu wenye umri sawa na elimu sawa, na pengo halikwisha. Hoja ya elimu peke yake ikakosa miguu.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kimataifa. Mradi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, unaojulikana kwa jina la IPUMS, ulianza mwaka 1999 kukusanya sampuli za sensa za nchi mbalimbali na kuzipanga kwa mtindo mmoja ili ziweze kulinganishwa. Tanzania na Kenya zimo. Sampuli ya Tanzania ya 2012 ni ya asilimia 10, yaani rekodi za watu takriban milioni 4.5.

Siri inalindwaje

Hapa ndipo msomaji anapaswa kusimama kidogo, kwa sababu yeye mwenyewe ni mstari mmoja katika daftari hilo. Karani wa sensa alipobisha hodi Agosti 2022, wafanyabiashara wengi walijiuliza kama majibu yao yangefika kwa mtoza kodi. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 inakataza kutoa taarifa za mtu binafsi zilizokusanywa kwa ajili ya takwimu. Lakini sheria ni karatasi. Ulinzi wa pili umo katika namna rekodi zinavyotengenezwa kabla ya kutolewa.

Kwanza, majina na anwani huondolewa. Hilo peke yake halitoshi. Katika mji mdogo, mjane wa miaka 41 mwenye shahada, aliyezaliwa nje ya nchi na anayefanya kazi ya ufamasia, anaweza kuwa mmoja tu. Jirani akisoma mstari huo hahitaji jina.

Kwa hiyo huongezwa hatua nyingine. Maeneo madogo huunganishwa: Uingereza, katika sampuli ya watu ya 1991, haikutaja eneo lenye watu chini ya 120,000, na IPUMS kwa kawaida haitaji eneo lenye watu chini ya 20,000. Kazi na asili za nadra hujumlishwa katika makundi makubwa. Umri mkubwa sana hauandikwi ulivyo, bali huwekwa katika kundi la "kuanzia miaka kadhaa na zaidi". Kaya chache hubadilishwa wilaya, na mpangilio wa mistari huvurugwa. Isitoshe, sampuli yenyewe ni kinga. Ikiwa ni asilimia 10 tu iliyochukuliwa, anayedhani amemwona jirani yake hawezi kuwa na hakika kwamba jirani huyo alichukuliwa.

Kwamba tahadhari hizo si za bure lilidhihirika Marekani katika miaka ya 1990. Jimbo la Massachusetts lilitoa rekodi za matibabu za watumishi wake bila majina, lakini likaacha tarehe ya kuzaliwa, jinsi na namba ya eneo la posta. Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi, alizilinganisha na daftari la wapiga kura la mji wa Cambridge na kuipata rekodi ya gavana wa jimbo, William Weld. Hazikuwa rekodi za sensa, lakini somo ni lile lile: kuondoa jina si kuficha mtu.

Kwa mfanyabiashara jambo hili lina maana ya moja kwa moja. Siku wananchi watakapoamini kwamba siri haitunzwi, watadanganya. Atakayeumia si serikali peke yake. Ni kila mtu aliyeweka mtaji wake akitegemea tarakimu hizo.

Kosa la sampuli

Katika sampuli ya asilimia 10, kila rekodi inasimama, kwa wastani, badala ya 10. Mtafiti akikuta kaya 40 zenye sifa anazotafuta, hukadiria kwamba kaya halisi ni 400. Lakini je, angechukua sampuli nyingine angekuta 40 tena?

Kanuni ya haraka ni kuchukua kipeuo cha pili cha hesabu na kukizidisha mara mbili. Kipeuo cha pili cha 40 ni kama 6.3, mara mbili ni karibu 13. Kwa hiyo hesabu ya kweli yaelekea kuwa kati ya rekodi 27 na 53, yaani kaya kati ya 270 na 530. Ni tofauti ya theluthi moja kila upande. Hakuna mtu anayeagiza mzigo wa mkopo kwa hesabu hiyo.

Lakini zikipatikana rekodi 4,000, kipeuo chake ni kama 63 na mara mbili ni 126. Kaya zinakuwa kati ya 38,740 na 41,260, tofauti ya asilimia 3 hivi. Kwa kifupi, rekodi hizi ni nzuri kwa mkoa au wilaya kubwa na ni dhaifu kwa mtaa. Anayetaka kujua mtaa wake bado atatembea kwa miguu.

Mitego mitatu

Mtego wa kwanza ni wakati. Rekodi za 2012 zinaeleza nchi ya 2012. Kwa mkoa kama Pwani, ambao watu wake walikaribia kuongezeka mara mbili hadi 2022, rekodi hizo zinaonyesha tabia za waliokuwapo na si za waliohamia baadaye.

Mtego wa pili ni kipato. Sensa haiulizi mtu anapata shilingi ngapi. Watafiti hukisia kwa kutazama sakafu, paa, nishati na vyombo vya nyumbani. Makisio hayo hutenganisha maskini na mwenye uwezo, lakini hayasemi nani ana fedha taslimu mwezi huu.

Mtego wa tatu ni kuchanganya mambo yanayokwenda pamoja na mambo yanayosababishana. Kaya zenye redio zikionekana kuwa na watoto wengi shuleni, haina maana kwamba redio iliwapeleka shule. Yawezekana mzazi mwenye elimu ndiye aliyenunua redio na ndiye aliyelipa sare.

Mwenye duka afanyeje

Jambo moja ni lazima lisemwe wazi. Rekodi za IPUMS hutolewa bure, lakini kwa utafiti na ufundishaji tu. Anayeziomba huahidi kutozitumia kwa biashara na kutojaribu kumtambua mtu yeyote. Mfanyabiashara hawezi kuzichukua kwa ajili ya duka lake, wala si halali kumtuma mwanafunzi wa chuo azichukue kwa niaba yake.

Njia zilizo wazi ni nyingine. Ya kwanza ni kusoma ripoti za kina za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na kwa Zanzibar za Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, hasa zile za mkoa mmoja mmoja. Ya pili ni kusoma matokeo ya watafiti yaliyokwisha kuchapishwa, ambayo yako wazi kwa kila mtu. Ya tatu ni kuiandikia ofisi ya takwimu kueleza jedwali linalohitajika. Barua nzuri haiombi "takwimu za Kibaha". Inauliza idadi ya kaya zinazomiliki nyumba, zenye sakafu ya udongo, ambazo mkuu wake ana ajira, kwa wilaya. Ofisi haihitaji kumpa rekodi ya mtu. Inaweza kumpa jumla.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la wateja wa nchi nzima lipo, na kila mwananchi amechangia mstari wake. Mwenye saruji wa Kibaha hahitaji kumjua mteja wake kwa jina kabla hajafungua duka. Anahitaji kujua kama wateja ni 50 au 400, na kulijua hilo kabla lori halijashusha mzigo.