Usiku angani na watoto wawili

SWALI: Naishi Majoreni. Mwezi ujao nasafiri usiku kupitia Nairobi kwenda London kumfuata mume wangu, nikiwa na mtoto wa miezi minane na mwenzake wa miaka mitatu. Jirani ameniambia niwape dawa ya mafua ili walale. Nifanye hivyo?

JIBU: La, mama. Dawa ya kusinzisha inaweza kumzuia mtoto mchanga kupumua vizuri, na watoto wengine huwachangamsha badala ya kuwalaza. Mtoto akiwa na mafua au maumivu ya sikio, muone daktari kabla ya safari.

Kinachowaliza wengi ni masikio, hasa ndege inaposhuka. Mnyonyeshe mdogo wakati huo. Mkubwa mpe maji anywe kidogo kidogo.

Mdogo hatakuwa na kiti chake, kwa hiyo liombe shirika la ndege mapema kitanda cha kutundikwa ukutani, maana ni vichache. Mkubwa ana kiti chake. Mkalishe mbali na ujia. Maziwa na chakula cha mtoto huruhusiwa ukaguzini hata vikizidi mililita 100.

Beba vyeti vyao vya kuzaliwa na barua ya idhini ya baba. Kwenda uwanja wa Moi, pitia Dongo Kundu uepuke foleni ya feri ya Likoni.

Mchana wa safari wacheze sana, jioni wale washibe, kisha wavae nguo za kulalia kabla ya kupanda. Usingizi utakuja wenyewe.