Pima Uvutano wa Dunia kwa Timazi

Azima timazi ya fundi mwashi kwa nusu saa tu. Kile kipande cha chuma kinachoning'inia kwenye uzi, ambacho fundi hukitazama ajue kama ukuta umesimama wima, kinatosha kukupa namba ambayo wengi tuliikariri shuleni bila kuiona kwa macho: 9.8.

Funga uzi kwenye boriti, mahali pasipotikisika. Urefu uwe mita 1, kuanzia uzi unapofungwa hadi katikati ya chuma. Wengi hupima hadi kwenye fundo, wakasahau chuma chenyewe. Ukikosea sentimita 1, jibu nalo linapotoka kwa asilimia 1.

Vuta chuma pembeni sentimita 10, si zaidi, kisha kiachie bila kukisukuma. Hesabu kila kinapopita katikati kikielekea upande uleule. Katikati ndipo kinapokimbia sana. Ukingoni hupunguza mwendo, na ni vigumu kujua kimegeuka lini hasa. Kikipita mara ya kwanza sema "sifuri". Tafadhali usiseme "moja": utahesabu safari 49 ukidhani ni 50, na jibu litapita 10.

Mwenzako ashike saa ya simu. Ukifika 50, sekunde zitakuwa kama 100.5. Gawa kwa 50, upate 2.01. Zidisha 2.01 kwa 2.01, upate 4.04. Sasa chukua 39.48, yaani pai mara pai mara 4, zidisha kwa urefu wa mita 1, ugawe kwa 4.04. Umepata 9.77. Kwenye Ikweta, usawa wa bahari, thamani halisi ni 9.78, kwenye ncha za Dunia ni 9.83. Tofauti hiyo ndogo ilimsumbua Mfaransa Jean Richer mwaka 1672: saa yake ya timazi, iliyokwenda sawasawa Paris, ilichelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku alipofika Cayenne, karibu na Ikweta. Newton akaeleza sababu: Dunia inazunguka, na imetuna kiunoni.

Usiirudishe karatasi yako ya hesabu mfukoni bado. Subiri Mwezi utoke. Uko mbali na kitovu cha Dunia mara 60 kuliko wewe, na kwa kanuni ya Newton, umbali ukiwa mara 60, uvutano hupungua mara 60 kwa 60, yaani 3,600. Gawa 9.77 yako kwa 3,600: 0.0027. Ndiyo kusema Mwezi nao unaanguka, ila polepole. Jiwe ukiliachia hushuka karibu mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Mwezi hushuka mita hizohizo kwa dakika nzima. Na katika dakika hiyo umekwisha kwenda pembeni kilomita 61, kwa hiyo mita 4.9 ni kiasi kilekile cha kuipinda njia yake ubaki ukituzunguka.